Pale Librado Anaposimamisha Pikipiki

Santiago Yelatú, Milima ya Oaxaca,
Februari, baridi ikianza kulegea

Kaka yangu mpendwa, Nazario,

Naomba waraka huu ukukute mzima wa afya, mgongo wako ukiwa umepata nafuu ya kuinamia mizabibu ya watu, na baridi ya huko Madera ikiwa imekuhurumia mwaka huu. Sisi tuliobaki nyumbani tungali tunapumua na tunashukuru. Mama anatembea vizuri isipokuwa goti la kushoto, ambalo humwambia habari za mvua kabla ya mawingu. Mahindi ya mlimani yametosha, ya bondeni yameliwa na panya. Mbwa wako amezeeka na haoni tena, lakini bado hubwekea malori kwa kufuata sauti.

Natambua kwamba utashangaa kuuona mwandiko wangu. Tangu siku tuliyomzika mdogo wetu Librado hakuna mtu wa nyumba hii aliyekuandikia, wala jina lako halikutajwa mezani. Sikuandiki ili kufukua uchungu. Limetokea jambo linalokuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai, na nimeona ni haki yako ulisikie kwa mpangilio wake, tangu lilipoanza, pasipo kuruka kitu.

Unakumbuka kwamba baada ya ajali pikipiki ya marehemu iliegeshwa ghalani nyuma ya magunia, ikafunikwa mkeka. Mama hakutaka iuzwe wala iguswe. Lakini kazi yangu ya kuwaandikia watu maombi na malalamiko yao hunilazimu kushuka wilayani kila mara, na lori la abiria hupita likijisikia. Ilipokwisha Sikukuu ya Wafu mwaka juzi nilimwomba Mama ruhusa ya kuifufua. Alisema niichukue, maana chuma hakina kosa. Mwenye kosa ni mkono uliokifungua. Alimaanisha mkono wako, Kaka, nami sitakuficha. Yeye na kijiji kizima waliamini, na mimi niliamini pamoja nao, kwamba jioni ya kuamkia ajali uliifungua kabureta ukaifunga vibaya, na kwamba kwa sababu hiyo injini ilimzimikia Librado katikati ya kona ya Mgongo wa Nyumbu, akawa amesimama pale anapiga kiki wakati lori la magogo liliposhuka.

Nilinyoosha uma wa mbele, nikabadilisha taa na matairi, nikashuka nayo. Kushuka hakukuwa na neno. Wakati wa kurudi, nilipovuka daraja na kuanza kupanda ule mlima mrefu, ilivuta kwa nguvu kama nyumbu aliyenusa nyumbani. Nilipita chemchemi. Nilipoikaribia kona, nguvu zikaanza kuondoka. Hazikukatika kwa ghafla. Zilipungua polepole, kana kwamba mtu aliyekaa nyuma yangu amenishika mabega yote mawili na anaegemea nyuma. Niliukunja mkono wa mafuta hadi mwisho, na haikusaidia. Injini ilikohoa, ikanyamaza, na gurudumu la mbele likasimama mbele ya msalaba wake, ule uliosimikwa pale alipofia.

Sikugeuka. Nilivua kofia nikasali Baba Yetu taratibu, nikaimaliza, nikapiga kiki. Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Nilifika nyumbani bila tatizo, kwa kuwa juu ya pale barabara ni tambarare, kama unavyoijua.

Nilipomweleza Mama, aliiweka chini tortia ya mahindi aliyokuwa anaigeuza na mkono wake ukabaki juu ya kikaango cha moto bila kuhisi. Aliniuliza kwa sauti ndogo sana: “Alikusimamisha?” Nilijibu kwamba alinisimamisha. Tangu hapo, kila niliporudi kutoka wilayani, lilikuwa ndilo swali lake la kwanza, kabla ya kuniuliza kama nimekula. Nami kila mara nilikuwa na jibu lile lile, kwa sababu kila mara nguvu ziliisha pale pale. Alianza kunipa vitu vya kumpelekea: ubani, mkate wa yai, siku moja shati lake lililofuliwa na kupigwa pasi, nilionyeshe pale msalabani kisha nilirudishe. Nililionyesha, Kaka. Nililishika kwa mabega, kwenye upepo, kama mtu anayempimia mwenzake. Na nilipoanza kupanda tena nilikuwa na yakini kwamba kiti cha nyuma kimebonyea.

Habari kama hizi hazikai ndani ya nyumba. Dukani, don Melquíades, ambaye ulimi wake unaukumbuka, aliniita mbele ya watu: “Mheshimiwa Wakili! Huyo abiria wako wa nyuma analipa nauli, au naye umemwandikia ombi la kusamehewa?” Wakacheka wote. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekubali tena kupandishwa nami, hata kwenye mvua, na wanawake wanaookota kuni kando ya barabara walifanya ishara ya msalaba nilipopita, sijui kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Jambo la pili lililonisumbua ni ulaji wa mafuta. Hapo zamani tangi lililojaa lilimpeleka Librado wilayani na kumrudisha, na bado likabaki la safari nyingine. Mikononi mwangu halikuwa na kanuni. Kuna juma nililorudi na mafuta mengi kuliko ilivyostahili, kana kwamba nimesukumwa njia nzima, ilhali pikipiki ilikuwa goigoi na nilipanda mlima kwa mwendo wa maandamano. Kuna juma lingine lilikauka kabla sijaliona daraja. Melquíades alikuwa na tafsiri yake: “Marehemu anakunywa huyo. Enzi za uhai wake ilikuwa mezkali, sasa kahamia petroli.” Nilimjibu kwamba marehemu hatungiwi mizaha, naye akaniambia nisinune, maana angekuwepo Librado mwenyewe angecheka kuliko wote. Hilo lilikuwa kweli, na liliniuma.

Niliipeleka kwa fundi wa wilayani, mtu wa bidii na maneno mengi. Alibadilisha plagi, akafua kichujio cha hewa, akainua gurudumu la nyuma kulizungusha aone kama breki inashika, akajaribu klachi, akachungulia ekzosi. Hakuona kosa. Mwisho alisema kijitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta ni chembamba mno kwa milima yetu, akanifungia kipana zaidi. Kuanzia hapo pikipiki ilitoa moshi mweusi, plagi ikawa na masizi kama sufuria, na petroli ikaliwa maradufu. Lakini lililonitoa jasho si hilo. Haikuzimika tena kwenye msalaba. Ilizimika chini zaidi, pale chemchemini.

Nilishuka, nikavua kofia kwa mazoea, halafu nikaona haya. Nilikuwa namwamkia nani? Nilipomweleza Mama alifikiri kidogo, akasema labda Librado alishikwa na kiu akateremka kunywa maji. Alilisema kwa uhakika wa mama anayejua tabia za mwanawe, akanipa kikombe chake cha bati nikakiache pale. Nilikiacha. Ila kichwa changu hakikukubali. Nilirudi kwa fundi nikamwamuru arudishe kile kijitundu chembamba, na safari iliyofuata pikipiki ikazimika msalabani, mahali pake pa siku zote. Nilijaribu tena kwa kujaza tangi hadi kwenye kifuniko: siku hiyo haikuzimika kabisa, ilikohoa tu na kupita.

Kaka, mtu aliyekufa hahamishwi na kijitundu cha shaba. Wala haji wala haachi kuja kwa kutazama kipimo cha petroli. Nilipolielewa hilo niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilidhani naandamana na ndugu yangu. Sasa ilinibidi nijiulize lile shati nilimwonyesha nani.

Niliikokota hadi kwa Abacuc, yule anayetengeneza vinu vya kusaga mahindi karibu na makaburi. Alinipokea kwa kejeli zake: “Wewe, Evodio, unamwandikia gavana na gavana anajibu, halafu unashindwa kuiandikia petroli ishuke?” Nilimwomba anisikilize. Nilimweleza kila kitu, kona, chemchemi, kijitundu, tangi lililojaa. Alisikiliza akiwa anajifuta mikono, na mzaha ukamtoka usoni. Alisema hajui, labda ni kifuniko cha tangi kisichopumua, labda ni koki. Njia pekee ni kutazama. Alichomoa mpira wa mafuta kutoka kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya chupa, akafungua koki. Petroli ilitoka kwa nguvu. Tukaitazama. Ikawa kamba, kamba ikawa uzi, uzi ukawa matone. Alifungua kifuniko, na hakuna kilichobadilika. Alilitikisa tangi, ikatoka tena kwa nguvu, kisha ikapungua vile vile.

Alinieleza kwamba kabureta ina bakuli dogo linalojiwekea akiba. Kwenye tambarare, hata matone yanatosha kulijaza. Kwenye mlima mrefu injini inakunywa kuliko inavyopokea, akiba inaisha, na kwa kuwa mlima ni ule ule na unaanzia daraja lile lile, akiba inaishia mahali pale pale. Ukipanua kijitundu, inaishia chini zaidi. Ukijaza tangi, uzito wa petroli unasukuma zaidi, nawe unapita. Ukisimama kwa muda wa sala moja, bakuli linajaa, nayo inawaka. Nikamwambia, basi kumbe ni Baba Yetu yangu. Akasema ndiyo, ni Baba Yetu yako, ungeweza hata kuvuta sigara.

Tulilitoa tangi tukalimimina juu ya chekecheo la mahindi. Petroli ilipokwisha, kitu kilibaki ndani kikisogea kwa uzito wa kitu kilicholowa. Abacuc alikivua kwa waya. Nilidhani ni panya. Kilikuwa kipande cha sufu ya kahawia kilichokatikakatika, kinachonyonyoka nyuzi, na juu yake, kwa shida, ulionekana uso wa Bikira wa Karmeli. Ilikuwa skapulari, ile iliyobarikiwa ya kuvaliwa shingoni. Imeshonwa pembeni kwa uzi wa buluu.

Hakuna mtu katika kijiji hiki anayeshona skapulari kwa uzi wa buluu isipokuwa mwanamke mmoja ambaye uzi wake wa kahawia uliisha mwaka ule na hakuona sababu ya kununua mwingine. Wewe unayo yako. Na mimi ninayo.

Hapo nikakumbuka, Kaka, maneno uliyoyasema siku ya maziko. Ulisema kwamba ulipofungua kabureta ulikuta nyuzi za kahawia ndani yake, ukazitoa zote, ukaifunga sawasawa, na kwamba hukujua zimetoka wapi. Uliyasema mara mbili. Mama alipiga kelele kwamba unatafuta nyuzi za kujifichia, akakukataza kutupia udongo kaburini. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako, nikasogea upande wa pili.

Nilimwapisha Abacuc asiseme. Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama kwamba kosa limeonekana: petroli chafu ya wauza madumu iliziba tangi, na huenda siku ile pia ilikuwa hivyo, wala haukuwa mkono wa mtu. Nilijiona nimepata maneno ya kukusafisha wewe pasipo kumgusa yeye. Nilianza hata kuandika ombi kwa mkutano wa kijiji, ili jina lako lililofutwa lirudishwe miongoni mwa wana wa Yelatú. Lilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho. Mama alinisikiliza, akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua maharage.

Lakini ile skapulari sikuweza kuitupa. Unajua tulivyolelewa: kitu kilichobarikiwa hakitupwi, hakichomwi na mtu yeyote tu, hukaa mahali patakatifu mpaka padri apite. Kwa hiyo niliiweka mahali pekee patakatifu katika nyumba yetu, juu ya madhabahu, nyuma ya mishumaa na picha ya Librado. Niliiweka pale ambapo Mama hupiga magoti kila asubuhi ya uhai wake, nayo ikinuka petroli.

Nilimkuta ameishika. Hakuwa analia. Alikuwa anaupitisha uzi wa buluu kati ya vidole, hatua kwa hatua, kama anayeisali rozari. Bila kuniangalia, alinieleza kwamba baada ya magari kubarikiwa kwenye sikukuu ya Karmeli, Librado alikataa kuivaa kwa kuwa wasichana wangemcheka. Mama akaifunga kwenye usukani, Librado akaifungua. Ndipo, kijana alipokuwa anaoga, Mama alifungua kifuniko cha tangi akaisukumiza ndani, kama vile, tulipokuwa wadogo wenye homa, alivyotulowekea nguo ya mtakatifu ndani ya maji akatunywesha. Alifikiri, chombo kikinywa, kitakuwa kimebeba ulinzi tumboni, mahali ambapo hakuna atakayeufungua. Aliniuliza kama ni hiyo ndiyo iliyoziba. Nilifungua kinywa niseme habari za madumu. Akasema: “Evodio, usinitungie. Mimi si serikali.”

Nikamwambia ndiyo.

Jumapili alitaka nimpeleke konani. Hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake. Alikaa nyuma kiupande, amejifunga shali yake ya rebozo hadi puani, akanishika mshipi. Tulishuka hadi darajani kisha tukageuza, maana alitaka kupanda kama alivyopanda Librado. Tangi lilikuwa safi. Tulipita chemchemi, tukaikaribia kona, na pikipiki ilivuta vizuri, sauti moja, haikukohoa hata kidogo. Nilisikia mkono wake unanipiga mgongoni: “Mbona hasimamishi?” Akanipiga tena, akaniambia nizime. Nilizima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kaka, miezi yote nilipozimikiwa pale sikuwahi kuusikia ukimya wa namna ile. Hapakuwa na mtu. Nilivua kofia na hapakuwa na mtu.

Mama alishuka, akasimama mbele ya msalaba na goti lake bovu, akazungumza naye kwa lugha yetu ya nyumbani kama anavyozungumza jikoni. Alimwambia kwamba ni yeye, mama yake. Kwamba Nazario alifanya kazi yake sawasawa. Kwamba aondoke sasa barabarani, asimsubiri mtu. Kisha akaniambia niwashe.

Mkutano wa kijiji ulipokaa, nilikwenda na ombi langu mkononi. Mama aliniambia niliweke kando. Wanawake hawasemi sana kwenye mkutano wetu, unajua, na yeye hajawahi kusema kabisa. Alisimama, akaishikilia ile sufu juu ili wote waione, akasema: “Aliyeziba petroli ni mimi. Nilitaka kumlinda. Nazario nilimfukuza bure, na ninyi mkanisaidia kumfukuza.” Akakaa. Don Melquíades alivua kofia, na ni mara ya kwanza namwona ndani ya ukumbi ule akikosa neno. Baadaye alilipata, usijali. Mwenyekiti alipouliza kama jina lako lirudishwe na mikono yote ikanyooshwa, Melquíades alisema wakuandikie haraka, zamu ya kufagia kanisa mwaka ujao ni yako, au ulidhani ukikimbilia Kalifornia utaukwepa ufagio? Watu walicheka wakiwa na machozi. Imeandikwa hivyo: Nazario, mfagiaji wa kanisa, mwaka ujao.

Kwangu mimi sina la kujitetea kwa kusogea upande wa pili wa kaburi. Nakuomba radhi kwa maneno haya machache, kwa kuwa nimeandika mengi mazuri kwa ajili ya watu wengine na kwa ajili yako nimeyakosa.

Abacuc anakusalimu, anasema ukiacha kile kijitundu alichokigusa fundi wa wilayani, kabureta aliikuta imefungwa na mtu anayejua kazi. Jirani zetu wa juu na wa chini wanakusalimu. Msalimie kila aliye mwema kwako huko ugenini.

Mama yuko hapa mezani, ameniambia nimsomee yote, nimemsomea, ameniagiza nisifute kitu. Nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Anasema kwamba hajui kuomba msamaha kwa karatasi, na kwamba hatakuomba usikasirike. Anasema uje umkasirikie hapa, ndani ya nyumba yako, kwa sauti unayotaka, hata majirani wasikie. Yeye atakaa kwenye kiti, na safari hii hatakukatiza.

Ndimi ndugu yako mnyenyekevu,
Evodio